Shamba la Mtu, Hakuna Njia

Jirani yetu Mama Sharon anadai kwamba ng'ombe wa mzee Bundala alisoma kibao. Anasema hakuhadithiwa na mtu. Alikuwa amesimama juu ya kile kichuguu chake cha kutafutia mtandao, simu mkononi, akawaona ng'ombe wanateremka kwenda kunywa maji kama kila siku, wakilikatisha shamba la Flavian. Mbele yao alikuwa yule jike mwenye pembe moja. Alipofika mwanzo wa shamba akakuta kibao kipya. Akasimama. Akainamisha kichwa, akapeleka macho polepole toka huku mpaka kule kama mtoto wa darasa la pili. Alipomaliza akageuka, akawatikisia wenzake kichwa, na kundi zima likarudi lilikotoka.

"Ng'ombe, Coleta!" aliniambia, ameshika kiuno. "Ng'ombe wa watu amesoma akaelewa. Wewe uliyemaliza darasa la saba ukapita hapohapo na ndoo yako mpaka ukafukuzwa."

Kuhusu ng'ombe siwezi kuapa. Kuhusu kufukuzwa, hakuongeza chumvi. Nilikuwa natoka kisimani na ndoo kichwani, na mtu mwenye ndoo kichwani haangalii vibao, anaangalia miguu yake. Nikasikia naitwa. Flavian alikuwa amesimama mlangoni kwake, amevaa singlendi, mswaki mdomoni.

"Binti! Hujaona kibao?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hujaona kibao?"

"Nimekiona wakati wa kwenda. Nilidhani ni kampeni."

Na kweli mtu yeyote angedhani hivyo. Kibao kilikuwa kimeandikwa SHAMBA LA MTU, HAKUNA NJIA, lakini alikuwa amekipigilia kwenye mti uleule wenye picha yake ya kugombea udiwani. Basi ukifika unakuta maneno HAKUNA NJIA, na chini yake Flavian anatabasamu, kidole gumba juu. Mimi nadhani ng'ombe aliogopa lile tabasamu.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili lilikuwa kubwa. Kwetu huku juu, mahindi yakishavunwa na ulezi ukishaingia ndani, shamba linabaki mabua tu, na mabua hayana mwenyewe. Ng'ombe wanaingia, mbuzi wanaingia, watu wanakata njia popote miguu inapotaka. Hakuna aliyeandika hiyo sheria. Mvua ya kwanza ikinyesha kila mtu anarudi kwenye mipaka yake, na ukikanyaga tuta la mtu hapo utasikia. Lakini kiangazi kijiji chote ni uwanja mmoja. Njia ya kisimani inapita kwa Flavian tangu babu yake yuko hai. Ukiikosa hiyo, imebaki ile ya kilimani, yenye mawe, ambayo mbuzi wenyewe wanaipita wakilalamika.

Mama yangu anapika pombe ya ulezi, na mama yangu ana goti. Kilimani hawezi kabisa. Kimea kilikuwa kimeshaota, kimekauka, kiko kwenye mkeka kinangoja maji, na pombe haipikwi kwa kikombe, inataka pipa. Mimi peke yangu kwa njia ya kilimani nilikuwa naleta ndoo moja, nakaa chini, nahema, nakwenda tena. Jua likizama pipa liko nusu, na maji ya jana mama ameshayapikia uji.

"Kimea hiki kikiingia wadudu," mama alisema akikigeuza kwa kiganja, "tumekula hasara ya shamba zima. Nenda kamwombe. Ni mtu mzima, ataelewa."

Nilikwenda. Nikapiga magoti, nikapiga makofi yale madogo ya kumsalimia mkubwa, nikamweleza habari ya goti na habari ya kimea. Alinisikiliza vizuri sana. Kisha akasema, "Mwanangu, nikikufungulia wewe, nimemfungulia na ng'ombe. Haki ya mali haina nusu. Si mlinipigia makofi wenyewe?"

Hapo alinishika. Tulimpigia makofi, na mimi nilikuwemo.

Ilikuwa mkutano wake wa kwanza, pale uwanja wa mpira. Flavian ni fundi wa kuongea, mate yanafika mstari wa tatu. "Ndugu zangu," alisema, "ukishavuna, shamba lako linahama?"

"Halihamiii!"

"Linakwenda Namanyere kutembea?"

"Haliendiii!"

"Sasa kwa nini jirani anapita kama kwa baba yake? Mali ya mtu ni mali ya mtu, masika na kiangazi!" Akafuta jasho, akaingia kwa serikali. "Na hawa wenzetu wa ofisini! Ukitaka kukata mti uliopanda mwenyewe, kibali. Ukitaka kuchoma tofali za udongo wako mwenyewe, kibali. Mama wa watu anapika pombe yake, anapangiwa saa ya kufungua na saa ya kufunga. Unajenga kibanda chako cha kujipatia riziki, wanakuja na kopo la rangi nyekundu!"

Habari ya rangi nyekundu tuliijua wote. Alikuwa na duka mjini, baraza lake limekaa kwenye hifadhi ya barabara, wakamchorea X ukutani. Duka lilibomolewa, lakini ile X ilimwingia moyoni na ndiyo iliyomtia kwenye siasa. Kila alipohutubia alisema kiwanja kile kilikuwa safi, alikinunua akijua ni safi, na serikali imemdhulumu.

"Nikiwa diwani," alimalizia, "serikali itakaa mbali na uzio wa mtu! Mwenye shamba ndiye serikali ya shamba lake!"

Vigelegele vilipigwa mpaka kuku wakakimbia. Mama alisimama kwa goti lake lilelile akashangilia, kwa sababu ya saa za pombe. Mtendaji wa kijiji, Mathias, alikuwa amekaa pembeni, anatingisha mguu.

Kesho yake Flavian akaweka kibao, awe mfano. Sasa mfano ukiwekwa kwetu, unafuatwa. Kilichofuata hakuna aliyekipanga. Mzee Yusto, katekista wetu, alisema kama shamba la Flavian ni la Flavian mpaka kiangazi, basi na la kwake ni la kwake. Akang'oa mabua akayasimamisha, akayafunga kwa kamba ya katani, akapata uzio. Mama Sharon alipoona Yusto ana uzio akajiuliza yeye amekuwa nani hata akose, akasimamisha wa kwake. Ndani ya juma moja kijiji kizima kilikuwa kimezungushiwa mabua, na mtu akitaka kwenda kwa mjomba wake anapiga hodi kwenye mashamba ya watu wasiohusika.

Wa kwanza kupata taabu ni uzio wa Yusto. Ng'ombe wa Bundala waliula wote mchana mmoja.

"Bundala!" Yusto alikuja mbiombio, kipande cha kamba mkononi. "Ng'ombe zako zimekula uzio wangu!"

"Uzio gani, mzee wangu?" Bundala ni Msukuma mrefu, mpole, haongei haraka. "Mimi nimekuta chakula kimesimamishwa. Nikasema, kweli hawa Wafipa ni wakarimu, wamewawekea ng'ombe mabua wima ili wasiumie shingo."

"Msukuma wewe! Hata mbinguni utaulizia malisho!"

"Yapo?"

Yusto akacheka bila kutaka, akaenda kusimamisha mabua mengine. Bundala naye akazungushia kwake, ila yeye alitumia miiba, maana anawajua ng'ombe wake.

Tulidhani uzio ndio mwisho wa mambo. Kumbe mtu akishakuwa serikali ya shamba lake anataka na sheria. Yusto akatangaza kwamba anayepita kwake asali Baba Yetu na Salamu Maria, kwa sauti, bila kuruka. Mama Sharon hakutaka sala. Yeye alitaka habari, tena habari ambayo hajaisikia, na katika kijiji hiki habari ya namna hiyo ni adimu kuliko mvua ya Agosti. Watu walikaa kwenye uzio wake mpaka wakaanza kubuni. Bundala alisema kwake hakuna masharti, ila dume lake la ng'ombe halipendi dharau, kwa hiyo mtu aliamkie kwanza. Ofisi ya wilaya na vibali vyake vyote haijawahi kumwambia mtu aamkie ng'ombe.

Sisi hatukuwa na sheria. Shamba letu ni la mwisho kabla ya uwanja wa mpira, na uzio tulikuwa nao kwa sababu wengine walikuwa nao. Mama aliniuliza, "Na sisi tuweke sharti gani?" Nikamwambia bado naangalia.

Basi ikafika siku ya mkutano wa Flavian wa kufunga kampeni. Wageni wa chama chake walikuja kutoka mjini na gari, wakafika uwanjani moja kwa moja kwa barabara ya upande wa pili. Ngoma ikaanza. Wapambe wake wote walikuwa huko. Yeye mwenyewe hakutaka kupanda gari. Alitaka aje kwa miguu, akikatiza mashamba, akisalimia watu, aonekane mwananchi. Alivaa suti ya kijivu na viatu vyeusi vya ncha. Begani alining'iniza kipaza sauti cha betri, kile chenye kinywa chake cha kushika kilichofungwa kwa waya uliojikunja. Alipotoka nyumbani alisalimia kwacho, "Wananchi, nakujaaa!" Kisha akakichomeka kile kinywa kwenye mfuko wa shati. Kukizima alisahau, na mtu aliyezoea kusikia sauti yake ikiwa kubwa haoni tofauti.

Mimi na mama tulikuwa kwetu, yeye anageuza kimea, mimi nimekaa karibu na uzio. Upepo wa kiangazi huku hauna adabu, unabeba kila kitu. Tulisikia hatua zake. Tulisikia anavyohema. Tulisikia sarafu zinagongana mfukoni. Na uwanja mzima ulikuwa unasikia, maana ngoma ilinyamaza.

"Hodi, mzee Yusto. Nina haraka kidogo."

"Karibu, mheshimiwa mtarajiwa. Sharti unalijua."

"Mzee wangu, wageni wananisubiri."

"Mungu naye anasubiri."

Akasali. Alipofika kwenye mkate wetu wa kila siku akakwama, Yusto akamrudisha mwanzo. Kule uwanjani watu wakaitikia Amina.

Kwa Bundala alijaribu kupita kimya. Tukasikia miiba inakwaruza suti.

"Hapana, mheshimiwa," sauti ya Bundala ikaja polepole. "Huyu hapa. Mwamkie."

"Bundala, mimi ni mtu mzima. Nitaamkiaje ng'ombe?"

"Si sheria yangu tu. Hata yeye anakusubiri. Angalia anavyokuangalia."

Tukasikia sarafu zinagongana tena. Kisha kipaza sauti kikasema, wazi kama kengele ya kanisa, "Shikamoo."

Dume likanguruma. Uwanjani watu walilala chini kwa kucheka. Mama aliacha kimea, akajishika goti, akasema, "Yesu wangu, amemwitikia."

Tulidhani kwa Mama Sharon atakaa mpaka uchaguzi upite. Alimpa habari ya kwanza, Mama Sharon akasema ameisikia juzi. Akampa ya pili, Mama Sharon akaisahihisha. Uwanjani mgeni mmoja wa chama alikuwa ameanza kupiga honi ya gari.

"Mama Sharon, nakuomba, mke wa rafiki yangu!"

"Habari, baba. Moja tu. Lakini mpya, isiwe imeshikwashikwa na watu."

Flavian akashusha sauti. Akaishusha sana, akainama karibu na sikio la Mama Sharon. Kinywa cha kipaza sauti kilikuwa mfukoni, chini kidogo ya kidevu chake. "Haya," alinong'ona, na mnong'ono ukavuma juu ya mabua, juu ya paa la shule, mpaka kilimani. "Lile duka langu la mjini. Wakati najenga, nilijua pale ni barabara. Usimwambie mtu."

"Simwambii mtu!" Mama Sharon aliapa. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anasema kweli, maana hakukuwa na mtu aliyebaki wa kuambiwa.

Ndivyo alivyofika kwetu. Suti ilikuwa na miiba, kiatu kimoja kimepauka kwa vumbi, lakini uso alikuwa ameupanga. Alishika kamba ya uzio wetu upande wa nje. Mimi nilikuwa nimeshika upande wa ndani.

"Hodi hapa."

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Coleta, mwanangu, naomba njia."

Mtu mmoja pale uwanjani, sijui mpambe gani, akadhani hiyo ndiyo kaulimbiu mpya. Akapaza sauti, "Naomba njia!" Na umati ukaitikia, "Njiaaa!" Flavian akageuka kuangalia wanamshangilia nini, akapunga mkono.

"Njia ipo, baba," nikamwambia. "Ile ya kilimani. Ndiyo tunayochotea maji siku hizi."

Akaangalia kilima. Akaangalia viatu. Akatoa simu, akampigia mtendaji, akaweka sauti ya nje ili na mimi nisikie na kuogopa.

"Mathias! Uko wapi?"

"Niko uwanjani, mzee. Nakusikiliza. Wote tunakusikiliza."

"Njoo hapa kwa Mama Coleta utoe amri. Watu wamefunga njia. Nchi haiwezi kwenda hivi, lazima kuwe na utaratibu!"

"Amri ya nani, mzee?"

"Ya serikali!"

Mathias akakohoa kidogo. "Serikali ya shamba hilo ni Mama Coleta. Mimi nimekaa mbali na uzio, kama ulivyoelekeza."

Kicheko kilichotoka uwanjani kilitufikia mara mbili, kwanza kwenye simu, halafu kwa upepo. Flavian akarudisha simu mfukoni taratibu. Akamgeukia mama, akavaa lile tabasamu la kwenye picha.

"Mama Coleta, mzazi mwenzangu."

"Mimi goti linaniuma," mama alisema bila kuinuka mkekani. "Leo serikali ni Coleta."

Akanirudia mimi. Jasho lilikuwa linamtoka sasa, na huku kwetu mtu kutokwa jasho kwenye upepo ule ni jambo la kutazamwa. Nyuma yake Mama Sharon alikuwa ameshapanda kichuguu chake aone vizuri. Bundala alikuwa anakuja na ng'ombe, na yule jike mwenye pembe moja alitangulia, akasimama nyuma ya Flavian, akaanza kumwangalia kisogoni.

"Haya, mwanangu, sharti la kwenu ni nini?" Flavian aliuliza. "Kusali? Nimesali. Kuamkia? Nimeamkia mpaka mnyama. Habari? Nimeshatoa ambayo sikumwambia hata mke wangu. Sema haraka, wageni wataondoka."

Nilikuwa nimelifikiria jambo hili siku zote zile za kupanda kilima na ndoo. Nilidhani nitakuwa na maneno mengi. Nilipofungua mdomo yalikuwa machache.

"Sisi hatuna sharti, baba. Na mimi naomba kama wewe. Naomba njia ya kisimani, kama zamani, mpaka mvua inyeshe. Mimi, na ng'ombe, na yeyote mwenye ndoo. Kimea cha mama kinaharibika."

Maneno yangu yaliingia mfukoni mwake yakatokea begani, makubwa kuliko nilivyoyasema, yakaenda. Uwanjani honi ikaacha kulia. Hakuna aliyecheka. Hata Mama Sharon juu ya kichuguu alishusha simu.

Flavian aliniangalia. Nadhani hapo ndipo alipoisikia sauti yangu inarudi kutoka upande wa shule, kwa sababu mkono wake ulipanda polepole kifuani, ukagusa mfuko, ukakuta kile kinywa cha kipaza sauti kina joto. Akakitoa. Akakitazama kidude chake cha kuzimia. Akatazama uwanja, watu wamesimama wote wametugeukia. Akatazama nyuma, kwenye mti wake wa kibao, ambao kutoka kwetu unaonekana, na uso wake ukicheka pale chini ya maneno.

Kidole chake kikagusa kile kidude, akakiacha kipaza sauti kinawaka. Kamba bado tulikuwa tumeishika wote wawili, yeye huko na mimi huku.

"Baba?" nikasema. "Naomba njia."

Upepo ukaingia kwenye kipaza sauti, ukavuma, na kijiji kizima kikausikiliza.